Mkuu wenu wa chuo nani? Yupo kaimu

Wiki iliyopita dogo mmoja kaja hapa karakana kwangu Unga Limited, Arusha, na barua yake ya fildi, anasoma diploma ya mekaniko, shikamoo ticha, marahaba, nkamuuliza swali langu la siku zote, ushawahi kukereza? Akacheka kidogo, akasema mashine ya kukerezea vyuma, lathe, ameiona, walikuwa wanaizunguka watu arobaini mwalimu anawaelekeza kwa chaki maana haizunguki. Kwa nini haizunguki? "Mkanda ticha. Uko kwenye mchakato."

Aisee. Mi nimefundisha chuo cha ufundi cha serikali miaka kumi na moja kabla sijaja kujitafutia huku, chuo chenyewe sikitaji na sio alikotoka huyu dogo, ila nlivyosikia mkanda na mchakato vimeongozana nkajua kabisa kuna nini kule. Nkamuuliza tu, mkuu wenu wa chuo saivi nani? "Yupo kaimu."

Basi, hapo nkamalizana nae, nkamwambia aje Jumatatu na ovaroli.

Sasa watu wakiongelea vyuo vyetu kuzorota wanakimbilia hela, na hela kweli hamna, sibishi. Ila kuna huu ugonjwa wa ukaimu hauongelewi. Kaimu amekalishwa kwenye kiti cha mtu mwingine, sasa atasaini nini? Anaogopa wakaguzi wa CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, wakija wamshike yeye, alafu anaogopa akiwakorofisha wenzake na mkuu halisi akaletwa, yeye anarudi kukaa nao ofisi moja. Kwa hiyo anafanya kitu salama, anaunda kamati. Kanuni za utumishi zenyewe zinasema kukaimu kusizidi miezi 6, sisi tulikaa na makaimu wawili wakipokezana karibu miaka mitatu, na chini yao mkuu wa idara yangu nae kaimu, mhasibu nae kaimu, ilifika mahali tukawa tunaitana kaimu tu kwa utani, we kaimu umekula?

Na kwenye makaratasi eti tunajiendesha. Ile sheria ya 1997 ya baraza la elimu ya ufundi, NACTE ambayo tangu 2021 inaitwa NACTVET, ilikuja na wazo hilo, vyuo viwe na bodi zake na viamue mambo yake, na mwaka huohuo Dar Tech, kile chuo cha ufundi cha Dar es Salaam cha tangu 1957, ikapata sheria yake ikawa DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Wazo zuri kabisa. Kwetu kilichotokea ni kwamba maamuzi yalitoka kule wizarani yakaja kusimama mlangoni kwa mkuu wa chuo, yakagoma kushuka tena. Bodi inakutana, inapewa kabrasha nene kama tofali, inapitisha, inapiga picha ya pamoja, inaondoka, na katika miaka yangu yote sijawahi kumwona mjumbe hata mmoja akikanyaga karakana.

Mkanda wetu sisi ulikuwa wa elfu thelathini na tano, unauzwa mjini hapo dukani, ila nilitakiwa nijaze fomu, nimpelekee mkuu wa idara, yeye aandike dokezo, dokezo liende taaluma, taaluma walipeleke manunuzi, manunuzi wakasema haumo kwenye mpango wa mwaka, wakarudisha, nkaandika upya, mkuu akawa safari Dodoma, kaimu wake akasema tumsubiri mwenyewe. Mwaka ukaisha. Mwishowe nlinunua kwa hela yangu na nkaambiwa nimekiuka utaratibu, na kiukweli nlikuwa nimekiuka.

Alafu akaja mama mmoja, injinia, ameteuliwa kamili. Siku ya kwanza tulimwandalia taarifa ya kurasa kibao, hakuifungua, akasema nipelekeni stoo. Stoo tukakuta mota mpya za miaka sita iliyopita bado ziko kwenye maboksi, hamna aliyejua zilinunuliwa kwa ajili ya nani! Akakaa kimya pale muda mrefu, mtunza stoo anatoka jasho.

Alichofanya baada ya pale hakina hata jina kubwa. Kila idara ikatengewa fungu lake dogo la vifaa vya kuisha, mkuu wa idara anachukua masurufu, yaani hela ya kutumia kwanza, anarejesha na risiti, asiporejesha hapewi tena. Mafundi wa karakana tukaanza kuitwa kwenye kikao cha mpango wa manunuzi kabla haujafungwa, tuseme wenyewe nini kitakufa mwaka ujao. Na kila muhula anasoma mapato na matumizi mbele ya wafanyakazi wote na serikali ya wanafunzi, anaulizwa, anajibu. Hiyo ya mwisho ilinikumbusha marehemu mzee wangu kule Kibosho, chama cha msingi cha kahawa, vile vyama vya chini ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro wa 1933, nikiwa mdogo alikuwa ananichukua kwenye mkutano wao, wazee wameshika vikaratasi vya hesabu wanamhoji mwenyekiti mpaka anasahau jina lake. Wakulima wa migomba na kahawa walikuwa wanahoji hesabu, sisi wenye digrii tulikuwa tunasubiri tangazo ubaoni.

Alikuwa na mapungufu yake. Alipenda vikao jamani, na alikuwa mkali kwa watu wa chini kuliko kwa wale wakubwa wenzake, kuna dereva mmoja alionewa waziwazi na sikusema kitu. Posho za vikao nazo hakuzigusa, nadhani alijua angezigusa asingemaliza mwaka.

Najua kuna mtu atasema mbona siku hizi kuna mifumo. Kontroo namba za kulipia serikalini zipo tangu 2017, NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, nayo imeingia 2023 ikaondoa ule wa zamani, TANePS. Imesaidia sana, zile ada za dirishani na risiti za mkono mnajua hadithi zake. Ila kwenye mfumo nako kuna mtu lazima abonyeze kuidhinisha, na kama ni kaimu wa kaimu ombi litakaa pale likisubiri kama lilivyokuwa linasubiri kwenye faili, tofauti haliliwi na panya.

Mama alihamishwa. Akabaki kaimu. Vikao vya hesabu havikufutwa, viliahirishwa tu, mara ya kwanza, ya pili, alafu tukaacha kuuliza, na mimi nikiwemo. Mwaka uliofuata nkaondoka.

Dogo kaja Jumatatu saa moja kasoro, ovaroli mpya hata haijafuliwa. Nimempa kipande cha shafti akereze bushi, ameharibu vitatu mpaka saa sita, cha nne kimeingia ila kinabana kidogo.