Kamba ya mwisho ya Gautama

Jana jioni nilipita Langoni, Mombasa, hekalu la Wajaini, watu wa dini ya kale ya India isiyotaka kudhuru kiumbe chochote, likang'aa na marumaru yake meupe, nikamkumbuka tajiri wangu wa kwanza. Mzee wa Kigujarati, Mjaini. Ikigonga saa kumi na moja na nusu anafunga duka, awahi kula kabla jua halijachwa, maana gizani waweza kumeza mdudu bila kujua. Kitunguu na kiazi haviingii jikoni kwake: kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vidudu vyake. Mimi nilimwonea huruma tu. Chakula bila kitunguu!

Watawa wao huenda kwa miguu, hawapandi gari wala meli. Kwa hiyo Wajaini waliohamia pwani hii walikaa miaka na mikaka bila mtawa wa kuishi nao. Mwaka 1980 huko India, Acharya Tulsi alianzisha daraja jipya la watawa wenye ruhusa ya kusafiri kwa vyombo.

Walimu wao wakuu ni 24, wa mwisho Mahavira. Huitwa tirthankara, yaani mwenye kutengeneza kivuko, cha kuvukia mzunguko wa kufa na kuzaliwa upya. Sisi wa Likoni neno hilo tunalielewa haraka: kwenye feri unapanda uvuke, huhamii humo na godoro.

Hapo ndipo aliponasa Gautama, mwanafunzi mkuu wa Mahavira (si yule Buddha). Aliowafundisha yeye walifunguka vifungo vya dunia mmoja baada ya mwingine, naye amebaki palepale. Mali alishaacha, hasira alishashinda. Kilichomfunga ni mapenzi kwa mwalimu wake. Usiku Mahavira anafariki kule Pavapuri, India, alikuwa amemtuma mbali akafundishe. Gautama kupata habari akalia, akalalamika kwa nini kaachwa. Katikati ya kilio akajiuliza analilia nini hasa. Wanasimulia kuwa kabla hakujapambazuka alikuwa huru. Wajaini humkumbuka kila Diwali.

Kisa hiki kinanichoma. Maalim wangu wa chuoni kafariki miaka kumi na mmoja sasa, na hata orodha ya sokoni bado naiandika nikihisi amesimama nyuma yangu na bakora, anatazama mkia wa herufi.

Leo usiku nimekaa na daftari, nikaandika haya makusudi kwa mwandiko mbaya, mistari ikipanda na kushuka. Nusu ukurasa tu. Nikauchana, nikaanza upya, polepole, kila herufi juu ya mstari wake.