Kiporo cha Siki

Baba yangu alikuwa mvuvi Malindi tangu kabla sijazaliwa, na hoteli za watalii alizijua kwa mlango wa nyuma tu. Anafika jikoni na samaki wake, wanapimwa, analipwa, anarudi zake. Kwa hiyo Januari 2018, nilipokuja likizo kutoka Dubai, niliazimia kumpeleka mwenyewe, aingie kwa mlango wa mbele, avutiwe kiti na aletewe chakula.

Miaka minne nilikuwa nafanya kazi katika jiko la mkahawa wa Kijapani, na kila nikipiga simu nyumbani baba aliniuliza swali lile lile: "Bado mwawapa watu samaki mbichi?" Nilimweleza, akasikiliza, lakini nilijua haipati picha. Kwake yeye samaki hupitia moto na tui la nazi, au hupitia chumvi na jua akawa ng'onda. Nilitaka aonje kitu nilichovuka bahari kwenda kujifunza. Nikasikia hoteli moja ya ufukweni, kusini mwa mji, imeanza kupika sushi, chakula cha Kijapani cha wali na samaki mbichi.

Siku kadhaa kabla ya kwenda tulikaa barazani nikimweleza. Nilimwambia sushi si samaki. Jina lenyewe latokana na uchachu, na mwenye uchachu ni wali. Zamani watu walimtia samaki chumvi, wakamfukia ndani ya wali miezi mingi mpaka wali ukachachuka, ili asioze. Wakishamtoa, wali wautupa. Baadaye ndipo wali ukatiwa siki na kuliwa pamoja na samaki siku hiyo hiyo. Hilo baba alilielewa upesi kuliko wengi niliowahi kuwaeleza, kwa sababu ni habari ya kuhifadhi samaki, na hiyo ndiyo habari ya maisha yake yote. Nikamwambia wapishi wa Kijapani wali huo huuita shari, na tangawizi ya siki huiita gari. Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake gatini aliwaambia wenzake, "Mwanangu kule Dubai apika shari!"

Wali ndio niliotaka sana auone. Miezi minane ya mwanzo sikuruhusiwa kugusa kisu wala samaki. Kazi yangu ilikuwa mchele, ule wa punje fupi nene. Unaosha kwa mikono, polepole usije ukazivunja punje, unamwaga maji na kurudia hadi maji yabaki maangavu. Unauacha ulowe, unaupika, kisha unaumimina ukiwa wa moto kwenye beseni pana la mbao na kuunyunyizia siki iliyoyeyushwa sukari na chumvi. Hapo mkono mmoja una mwiko wa mbao, unaukatakata wali kwa ubavu wa mwiko bila kuukoroga, na wa pili una kipepeo, unaupepea mpaka kila punje ing'ae. Ukikoroga, umepata ugali. Halafu unaufunika kwa kitambaa kibichi, na unaliwa siku hiyo, ukiwa na joto kama la kiganja cha mtu. Mjapani aliyetufundisha alikuwa anaugusa kwa vidole viwili. Wali usipomridhisha, alimwaga sufuria nzima na mimi naanza upya. Nilimwaga machozi kwa ajili ya wali ule.

Jioni ile baba alivaa kanzu yake ya Idi na kofia, akajipaka mafuta ya udi. Tulichukua tuktuk. Mhudumu, kijana mpole, alimwamkia shikamoo vizuri na kutuweka meza inayotazama bahari. Ilikuwa kaskazi, maji yametulia. Asubuhi ile ile baba alikuwa ameona jodari wakishushwa gatini, mmoja wao akibebwa na watu wawili.

Orodha ya chakula ilijaa salmoni, samaki wa maji baridi anayefugwa Norwei huko. Sikumlaumu mtu, hata Dubai ndivyo wateja wanavyopenda. Nikaagiza jodari. Nikauliza kama wali umetiwa mirin, ile divai ya mchele ya Wajapani, maana baba asingeila. Mhudumu akaenda jikoni, akarudi na jibu kwamba ni siki tupu. Tukapiga bismillahi.

Sahani ilipofika nilijua kabla sijagusa. Chini ya kila kipande cha jodari kulikuwa na maji, maji mekundu hafifu yaliyokuwa yanatambaa kwenye sahani nyeupe na kuingia walini. Kingo za samaki zilikuwa za kahawia, katikati pana wekundu uliopauka, na nilipokibonyeza kipande kwa kidole, ndani nilikuta bado pana barafu. Mwani uliozungushiwa vipande vingine ulikuwa umenyonya unyevunyevu wa pwani ukawa kama ngozi. Nikauma, ukanyumbuka, haukatiki.

Lakini wali ndio ulionivunja moyo. Ulikuwa baridi, mgumu, punje zinaachana mdomoni kama changarawe.

Baba alitafuna taratibu, akameza, akanywa maji. Kisha akasema kwa sauti ya chini, mhudumu asisikie, "Mwanangu, hiki ni kiporo."

Ni kiporo kweli. Wali ukilala ndani ya friji unakauka na kukakamaa hata uwe umepikwa na fundi, ndiyo maana sisi kiporo tunakipasha moto asubuhi. Huu ulitiwa siki ukaletwa ulivyo.

Akamwuliza mhudumu, "Huyu jodari mwamtoa wapi?"

"Nairobi, mzee. Huja kwa katoni, wamegandishwa."

Baba aligeuka akatazama baharini, hakusema kitu. Nami ikanilazimu kumweleza, kwa haki, kwamba kumgandisha samaki si kosa. Barafu kali huua minyoo, na jodari wa kuliwa mbichi husafirishwa duniani akiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Kosa liko kwenye kumyeyusha. Anataka maji ya chumvi yenye uvuguvugu kwa dakika chache, afutwe, afungwe kitambaa, apumzike frijini. Ukimwacha tu mezani, utamu wote unatoka na yale maji. Baba aliitikia kwa kichwa, ila niliona maneno yangu yanamfikia kama udhuru.

Niliomba kumwona mpishi. Alikuja kijana wa rika langu, na nilipomweleza nilikotoka alikaribia kunishika mkono. Alikuwa amefundishwa majuma mawili. Wali aliupika saa nne asubuhi na kuuweka frijini kwa sababu wageni ni wachache na ameagizwa asitupe chakula. Sikuwa na neno la kumwambia. Nilimweleza habari ya kitambaa kibichi, akashukuru, akarudi jikoni.

Baba alikula vipande vyote vinane. Sikumwomba ale. Alivila kwa kuwa nimelipa mimi, shilingi 3,600, na alivila mpaka tangawizi ikaisha, akasema "gari limeondoka" ili anichangamshe.

Njiani kurudi alinyamaza mpaka tukafika Shella. Tuliposhuka akaniuliza, "Kwa hiyo huko Dubai miaka minne umekuwa ukipika hivi?"

Nilimwambia sivyo, baba, wallahi sivyo kabisa. Likizo yangu ilikuwa imebaki siku moja, na mchele ule wa punje fupi sikuuona dukani Malindi. Nikaanza tena kumweleza: beseni la mbao, kipepeo, joto la kiganja. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika bega na kusema, "Sawa, mwanangu." Sauti ile naijua. Ndiyo anayomjibu mvuvi aliyerudi mikono mitupu akimsimulia ukubwa wa samaki aliyemkatia mshipi.