Umebuni mkoba? Sajili kwanza, Insta baadae

Shoga yangu mmoja wa huku shamba anasuka mikoba ya ukili, akatoa mmoja umbo la kawa iliyopinduliwa, yaani kile kifuniko cha chakula cha bibi zetu yeye kakigeuza kichwa chini, katia mpini wa ngozi na kitambaa cha kanga ndani, mkoba mzuri wallahi. Akaupiga picha akaurusha Insta siku ileile. Haukupita muda mkoba huohuo umeshatundikwa duka moja la watalii mjini, umeshonwa ovyo, shazia, ile sindano kubwa ya kushonea ukili, imepita mbalimbali mpaka unaona mwanga kati ya ukili na ukili, na bei juu! Kenda kuuliza, kajibiwa ukili ni wa Wazanzibari wote.

Sasa muuzaji hapo ana nusu ya haki, na ndo watu wengi wanapochanganya. Kusuka ukili sio mali ya mtu, kawa sio mali ya mtu, nakshi za milango ya Mji Mkongwe ukizichonga kama zilivyo huwezi kusema hii dizaini yangu. Kinacholindwa ukisajili dizaini ni muonekano mpya ulioutoa wewe, umbo, mistari, rangi zilivyopangwa. Kile kitu kinavyofanya kazi hakimo, huko unaingia kwenye mambo ya hataza, yaani patent. Na kubadili rangi ya mpini tu ukasema umebuni, usijidanganye.

Sheria tunayo jamani, Sheria ya Mali za Viwandani namba 4 ya 2008, ya Zanzibar wenyewe, maana haya hayamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, kwa hiyo huku unakwenda BPRA, wakala wetu wa usajili wa biashara na mali, na bara wana wakala wao, BRELA. Bara kwa miaka mingi upande wa dizaini walikuwa wanategemea sheria ya mkoloni inayolinda dizaini zilizosajiliwa Uingereza, sisi kisiwa kidogo tukawatangulia, hehe. Lakini cheti cha huku hakipandi boti. Mtu wa Kariakoo akitoa kopi akauza hukohuko, cheti cha Unguja hakimgusi. Ipo njia ya ARIPO, shirika la nchi za Afrika la mambo ya hakimiliki za ubunifu, unaomba mara moja kwa Itifaki ya Harare ya 1982 unataja nchi wanachama unazozitaka, Kenya imo, ila ada zile kwa mama anayeuza mkoba mmojammoja si mchezo, na hapa ndo naona serikali ingewabeba kina mama kwa vikundi badala ya kuwapa semina na soda.

La picha ndo linaniuma zaidi. Dizaini lazima iwe mpya, na ukishaitangaza mwenyewe umeanza kujiharibia, zipo nchi zinakusamehe miezi 12 tangu uionyeshe, nyingine hazina msamaha huo, na shoga yangu wateja wake wengi ni wageni wanaotaka kupelekewa kwao. Fomu yenyewe cha maana ni picha au michoro ya kitu pande zote, mbele, nyuma, juu, chini, simu yoyote inatosha. Ukishasajili ulinzi sio wa siku mbili, mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali za ubunifu, unataka usipungue miaka 10.

Saivi ana umbo jengine kabatini, nimemuomba anionyeshe japo kidogo, kanambia shoga, utaliona likishapata cheti.