Kamati za Miji Midogo na Daftari la Wanachama

Nilipopewa kazi ya kuandikisha wanachama katika chama chetu cha Makalasinga, yaani Wasikh, hapa Kisumu, nilikabidhiwa daftari la kijani la jalada gumu, mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi mweusi. Ndani mna familia nzima nzima: baba, mama, wana, wakwe. Pembeni mwa majina, kwa penseli, makatibu walionitangulia waliandika walikohamia watu. Leicester. Birmingham. Southall. Toronto. Waliofariki wamepigiwa mstari kwa rula. Ukilihesabu daftari, sisi ni chama kikubwa sana. Lakini mkutano mkuu wa mwaka ukiitishwa, akidi ilikuwa inatafutwa kwa simu: mzee mmoja anabembelezwa afunge duka mapema, mwingine anarudishwa kutoka njia ya Ahero ili mikono itoshe.

Vijana wa Nakuru na Eldoret wamekuwa wakiniuliza tumefanyaje hadi leo tuna kamati Kakamega, Bungoma na Muhoroni, na jibu halienei kwenye ujumbe wa WhatsApp. Ndiyo maana naandika.

Kwanza mjue watu walikwenda wapi. Reli ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, tarehe 20 Desemba 1901. Katika wafanyakazi karibu 32,000 walioletwa kutoka India kuijenga, watu wa Punjab walikuwamo, maseremala, wahunzi na waashi. Wengi walirudi kwao, baadhi wakabaki, na wengine wakaja baadaye kwa nauli yao wenyewe. Wakaenea. Kibos walilima, Molo na Elburgon wakapasua mbao, na katika miji mingi ya reli hukukosa gereji ya Singh. Kisha ukaja mwaka 1967 na sheria mpya za leseni za biashara na vibali vya kazi kwa wasio raia, na mwanzoni mwa 1968 Uingereza ikapitisha sheria yake ya kuwazuia wahamiaji. Watu wakakimbilia ndege kabla mlango haujafungwa. Miji midogo ndiyo iliyoumia. Nairobi ilibaki na watu wa kutosha kuendesha gurudwara, nyumba zetu za ibada, kadhaa. Sisi huku magharibi tukabaki familia mbili hapa, tatu kule.

Kwa miaka mingi kamati zetu zilikuwa na dawa moja tu, tangazo. Bango ubaoni, ombi la mwenyekiti baada ya nyimbo za ibada, fomu zimepangwa mezani karibu na rafu za viatu. Ada ikashushwa. Kwa wanafunzi ikafutwa kabisa. Fomu zikabaki pale pale, na wazee wakaanza kusema vijana wa siku hizi hawana imani.

Mimi sikukubaliana nao, kwa sababu nilikuwa naona jikoni. Jumapili ambayo hakuna aliyegusa fomu, chapati za langari, chakula cha pamoja kinacholiwa bure na wote gurudwarani, zilikuwa zimepikwa tangu alfajiri na mikono ya watu ambao majina yao hayamo popote. Mnaojua jiko letu mnajua kazi yake. Mmoja anakanda unga, mmoja anakata madonge, wawili wanasukuma, mwingine amesimama mbele ya bamba pana la chuma linalofunika jiko zima, anageuza chapati kumi kwa mara moja, na zikiiva zinarushwa kwenye karai lenye kitambaa, zinapakwa samli kwa mgongo wa kijiko. Nyuma, vijana wawili wa chuo wamepiga magoti kwenye karo wanasugua sinia za stili. Nikamuuliza mama mmoja wa Migosi, ambaye huja jikoni kila Jumapili kabla sijafungua macho, kwa nini hajajiandikisha. Akajibu bila kuacha kusukuma, "Hakuna aliyewahi kuniambia nahitajika, mwanangu. Mikutano ni ya wale wazee wa mbele."

Jibu lile ndilo lililonifungua macho. Nikazihamishia fomu jikoni. Tukabandika ukutani orodha ya zamu: nani ananunua dengu, nani anasimamia gesi, nani anafunga geti, nani anawapokea watoto wa shule wanaokuja kula. Anayeshika zamu anaandikwa daftarini siku hiyo hiyo, na mkutano ukiitishwa anapigiwa simu kwa jina lake, asiachiwe bango. Katika miezi michache tukawa na wanachama wapya wengi kuliko tuliopata kwa miaka ya matangazo, na wengi walikuwa wanawake. Wazee wawili walinung'unika kuhusu hilo. Niliwakumbusha kwamba sheria ya gurudwara za Punjab ya mwaka 1925, iliyoipa nguvu kamati kuu iliyochaguliwa kwa kura, iliwapa wanawake wa Kisikh haki ya kupiga kura. Kama bibi zetu walikuwa na kura miaka mia moja iliyopita, wajukuu zao hawawezi kubaki wapishi wasio na jina hapa Kisumu.

Miji midogo ilikuwa ngumu zaidi, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Sisi si wa kwanza kukutana na tatizo la waumini waliotawanyika. Guru Amar Das, wa tatu katika Maguru, walimu wakuu wa dini yetu, katika karne ya 16, aliwagawa waumini katika manji 22, kila manji eneo lake na kiongozi wake wa kufundisha na kuwakusanya watu. Yeye ndiye pia aliyesisitiza kwamba anayetaka kumwona sharti akae kwanza chini, ale na wengine safu moja, awe tajiri au ombaomba. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja naona ni mpango mmoja: chakula kinawaleta watu, na eneo lao linawapa mtu wa kumwendea. Baadaye wakaja masandi, waliokusanya sadaka za maeneo na kuzifikisha kwa Guru. Walifanya kazi kubwa, lakini vizazi vikapita, baadhi wakaifanya nafasi ile kuwa urithi wa nyumba zao na kula mali ya waumini, hadi Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, akawaondoa na kuwaambia waumini walete sadaka zao wenyewe moja kwa moja. Kila kamati ya mahali inabeba neema ile na hatari ile. Anayetaka kuanzisha kamati huko Kitale au Busia aisome historia hii kabla hajachapisha fomu.

Mkutano wetu wa kwanza Bungoma ulifanyika sebuleni, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani. Tulikwenda na mwenyekiti na mweka hazina, tumebeba katiba ya chama na barua yenye muhuri. Mwenyekiti alizungumza vizuri kuhusu umoja. Chai ikamiminwa. Halafu mkwe wa nyumba ile, binti mdogo aliyekuwa anapitisha sinia ya biskuti, akauliza, "Fedha tutakazochanga hapa zitakwenda Kisumu?" Sebule ikanyamaza. Mweka hazina akaeleza habari za akaunti moja na ukaguzi mmoja. Binti akaitikia kwa adabu, akarudi jikoni, na siku ile hakuna aliyejiandikisha.

Tukiwa njiani kurudi, mbele ya Mumias, nilimwambia mwenyekiti kwamba yule binti ndiye mwanachama wetu wa kwanza Bungoma, tukitaka. Tukarudi baadaye na jibu. Fedha zinazochangwa mahali hubaki mahali, isipokuwa sehemu ndogo ya ada inayokuja Kisumu kulipia usajili na ukaguzi wa hesabu. Kamati ya mahali ina kitabu chake cha risiti, na mapato na matumizi husomwa kwa sauti baada ya kila langari, watu wakiwa bado wameketi mkekani, kabla ya mtu kuvaa viatu. Mweka hazina hakai zaidi ya miaka miwili, wala hawezi kupokewa na mtu wa nyumba yake. Hilo la mwisho lilizua ubishi mkali, maana katika mji wenye familia tatu, mtu wa nyumba nyingine ni nani? Nilishikilia. Mji wenye nyumba tatu una zamu tatu. Leo mweka hazina wa Bungoma ni yule binti, na risiti zake ni safi kuliko zetu.

Muhoroni walitaka kitu kingine kabisa. Hawakuhitaji mikutano, walitaka mtu wa kuwafundisha watoto Kigurmukhi, maandishi ya Kipunjabi na ya vitabu vyetu vya dini, kwa kuwa watoto wanasoma Kiswahili na Kiingereza shuleni, wanacheza kwa Kijaluo, na wakishika kitabu cha sala wanakodoa macho tu. Kamati yao ikazaliwa kwa kazi hiyo. Mwalimu anapanda matatu kutoka Kisumu Jumamosi, kamati inalipa nauli na chakula chake, basi. Hawana katibu mwenezi wala makamu wa mwenyekiti, na sijaona hasara yake. Vyeo vikitangulia kazi, watu hugombania vyeo.

Wapo wazee waliosema kwamba kamati nyingi zitatugawa. Naielewa hofu hiyo. Sisi tunajua kugawanyika: watu wa ukoo wa mafundi huku, watu wa ukoo wa wakulima kule, mji mmoja gurudwara mbili, na Guru mwenyewe alikataza ubaguzi wa koo. Lakini nimeona kinyume chake kikitokea. Kakamega familia za koo zote mbili ziko kamati moja kwa sababu hakuna upande wenye watu wa kutosha kupika peke yake. Na mfano tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1935 Makhan Singh alisaidia kuunda chama cha wafanyakazi Nairobi kilichofungua mlango kwa wafanyakazi wa rangi zote, enzi ambazo serikali ilitaka kila mtu abaki na watu wake. Alikamatwa Mei 1950 na akazuiliwa hadi 1961. Mtu aliyelipa gharama hiyo kwa kufungua daftari la wanachama hatuwezi kumsifu kwenye hotuba kisha tukagombana kama mtoto wa seremala anaweza kuwa katibu.

Kwa sababu hiyo hiyo nilipendekeza mpishi wetu, mama Mjaluo aliyelea jiko lile miaka mingi, akae kwenye kamati ndogo ya langari. Katiba inasema wenye kura kwenye mkutano mkuu ni Wasikh, na hilo halijabadilika. Lakini yeye ndiye ajuaye gunia la unga linaisha lini, ni mwuzaji gani wa soko la Kibuye anachanganya dengu na mawe, na ni watoto gani wamekuwa hawaji na wana shida gani nyumbani. Alipokaa kikao cha kwanza aliomba jambo moja, meza ya kukatia vitunguu iinuliwe, mgongo unamuuma. Ilikuwa imeombwa na wanawake wetu mara nyingi na ikapotea kwenye kumbukumbu. Iliinuliwa wiki ile.

Daftari la zamani sikulitupa. Nimefungua jipya la walio hapa, na lile la kijani nimeanza kulifanyia kazi kwa njia nyingine: nawaandikia walioko Leicester na Toronto, siwaombi kura, nawaomba habari za gurudwara za miji waliyoiacha, nani ana hati, nani alishika funguo. Mzee mmoja wa Birmingham alituma picha ya mpango wa kiwanja ambao sisi tulikuwa tunautafuta ofisi ya ardhi kwa muda mrefu. Hao nao nimewapa ukurasa wao. Na kila mwaka, kabla ya kupeleka taarifa zetu kwa Msajili wa Vyama, natoa majina ya viongozi wa kila mji na namba zao za simu, nazipiga zote moja moja. Isiyopokewa naifuatilia hadi nijue kulikoni.

Sasa hivi jambo lililo mezani ni la Kakamega. Wameomba Vaisakhi, sikukuu yetu kubwa, ya Aprili mwaka huu ifanyike kwao badala ya Kisumu, na sisi ndio tuwaendee. Baadhi ya wajumbe wanaona ni mapema mno. Shaka yao kubwa ni kumsafirisha Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu tunachokiheshimu kama Guru aliye hai: gari lisafishwe kabisa, atandikiwe mahali pa juu, abebwe kichwani akiwa amefunikwa vitambaa vyake, watu watano wamsindikize bila viatu, na chumba kiwe tayari kabla gari halijaondoka hapa. Kamati ya Kakamega imejibu kwa barua. Chumba cha juu cha nyumba moja kimepakwa rangi, hakuna kinachohifadhiwa hapo tena, granthi, msomaji na mtunzaji wa kitabu hicho, amekwenda kukiona na amekiridhia, na watano wa kusindikiza wametajwa majina, wawili wao wanawake. Mimi nitapiga kura ya ndiyo. Kikao ni Jumapili hii baada ya langari, na ikipita, basi la Kakamega litaondoka alfajiri; anayetaka kiti aniletee jina lake dukani kabla ya mwisho wa Machi, na aseme pia anajua kusukuma chapati au kuosha sinia, kwa sababu zamu nazipanga siku hiyo hiyo.