Usiku wa Kuwasha Upya Nodi Tano

Klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, ilikuwa ya Proxmox VE (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) yenye nodi tano, kila nodi ikiwa seva moja. Diski zote zilikuwa chini ya Ceph, mfumo unaotawanya data kwenye nodi, na kila data ilitunzwa nakala 3 kwenye nodi tofauti. Keneli mpya (kiini cha Linux) ilikwisha kusakinishwa. Ilibaki kuziwasha upya nodi moja moja, huku watumiaji wakiendelea na shughuli zao.

Tulihakikisha RAM ya nodi nne inatosha kubeba mzigo wa tano, kisha tukaandika `ceph osd set noout`. Bila amri hiyo, diski ikikaa sekunde 600 bila kujibu, Ceph huiondoa kwenye hesabu na kuanza kunakili data yake kwingine. Seva zile zilimaliza dakika kumi na zaidi zikikagua RAM tu.

Mashine pepe zilizo chini ya HA (huduma ya kuziendesha kwingine nodi ikianguka) zilihama zenyewe tulipotoa `ha-manager crm-command node-maintenance enable`. Nyingine tulizihamisha kwa mkono. Moja iligoma, kumbe faili ya ISO ya usakinishaji ilikuwa bado imechomekwa tangu siku ilipoundwa. Tukaichomoa, ikahama.

Nodi mbili za kwanza zilirudi bila tabu. Ya tatu iliwaka, ping ikajibu, `pvecm status` ikaonyesha nodi 5 kati ya 5, lakini diski zake zote zikabaki chini, yaani Ceph haikuziona.

Kwa akidi peke yake (idadi ya nodi zinazotakiwa kuwa hai ili klasta ifanye kazi), nodi ya nne ingeweza kuzimwa: zinahitajika 3 tu kati ya 5. Lakini akidi haihesabu nakala za data. Data iliyokuwa kwenye nodi ya tatu na ya nne ingebaki na nakala 1, na `min_size` (nakala chache kabisa zinazokubalika) ikiwa 2, Ceph husimamisha kusoma na kuandika. Mashine hazizimiki, zinaganda tu, na ukizitazama kwenye skrini utadhani ni nzima.

Chanzo kilikuwa saa. Fundi aliyeingia BIOS (programu ya seva inayowaka kabla ya Linux) kukagua mpangilio aliikuta saa iko nyuma kwa saa tatu, akaisogeza ilingane na ya ukutani. Linux huihesabu saa hiyo kuwa ya UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), basi nodi ikaamka saa tatu mbele, na Ceph, ambayo monita zake (huduma zinazoisimamia) hulalamika tofauti ikizidi sekunde 0.05, ikakataa vibali vya nodi hiyo vya kujitambulisha, ambavyo hutegemea saa. Chrony (programu ya kusawazisha saa) ilipofikia seva ya saa tulitoa `chronyc makestep`, tukafuatisha `hwclock --systohc --utc`, kisha tukaanzisha upya huduma za Ceph kwenye nodi hiyo.

Hapo usisubiri HEALTH_OK, kwa sababu `noout` yenyewe huacha HEALTH_WARN. Tulitazama mstari wa PG (mafungu ya data ya Ceph) mpaka zote zikawa active+clean, ndipo tukaigusa ya nne. Ya tano ilipokwisha tukaandika `ceph osd unset noout`, tukaiondolea hali ya matengenezo kama zilizotangulia, na mashine zikarudishwa kwenye nodi zake.