Siku Tulipoupima Mkia wa p53

Siku ile sampuli mbili za p53, protini inayoikinga seli dhidi ya saratani, ziliingia kwa zamu kwenye NMR, mashine inayosoma atomi za protini kwa sumaku: p53 ya asili, na nyingine ambayo asidi amino ya nafasi ya 27, prolini, ilikuwa imebadilishwa kuwa nyingine, alanini. Haikuwa p53 nzima yenye asidi amino 393, bali mkia wake wa mwanzo, 1 hadi 61, ambao hauna umbo la kudumu. Hapo ndipo protini nyingine, MDM2, hushika. Ikishashika huipachika p53 ubikwitini, alama ya kuharibiwa, nayo huvunjwa na proteasomu, mtambo wa seli wa kuvunja protini. Ndiyo maana kuna uvimbe wa saratani wenye jeni zima la p53 lakini MDM2 imejaa kupita kiasi, na kinga haifanyi kazi.

Ili watutengenezee mkia huo, bakteria E. coli tuliwakuza kwenye M9, chakula chao cha maji, yenye gramu 1 kwa lita ya kloridi ya amonia ya nitrojeni-15, nitrojeni ambayo NMR huiona. Protini isiyo na umbo haiogopi moto, kwa hiyo baada ya kuzipasua seli tulichemsha mchanganyiko kwa nyuzi 85 kwa dakika 10. Protini nyingi za bakteria ziliganda zikazama, mkia ukabaki kwenye maji ya juu. Tatizo lake ni proteasi, vimeng'enya vinavyokata protini: hakuna mkunjo unaozificha sehemu za kukatwa, hivyo vizuizi vya proteasi huwekwa tangu mwanzo, na baada ya kuchemsha kazi yote hufanyika juu ya barafu. Kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, mkia huu wenye karibu kilodaltoni 7 husimama juu zaidi ya uzito wake, na mgeni hudhani amesafisha protini nyingine. Ukolezi tulipima kwa mwanga wa nanomita 280 na kigawo cha ufyonzaji cha 11,000, kwa sababu mkia una triptofani mbili, ya 23 na ya 53, na hauna tirosini hata moja.

Kwa bafa ya pH 6.8, maji mazito asilimia 10 na nyuzi 10, picha ya NMR ilikuwa safi. Prolini ziko 10 na hazionekani, wala ile asidi amino ya kwanza, kwa hiyo tulitarajia vilele 50 hivi vya uti wa mgongo wa protini, yaani ishara moja kwa kila asidi amino iliyobaki. Vilirundikana karibu na 8 ppm, kipimo cha mahali kilele kinapokaa, dalili ya protini iliyolegea.

Kisha tuliongeza MDM2, kidogo kidogo: robo ya kiasi cha mkia, nusu, hadi kulingana nao. Vilele vya asidi amino 17 hadi 29 vilififia, na kilele cha pembeni cha triptofani 23, kinachokaa mbali na vile vya uti wa mgongo, karibu na 10 ppm, kikatoweka. Vya mwanzo kabisa wa mkia vilibaki vikali. Fenilalanini 19, triptofani 23 na leusini 26 huzama kwenye mfereji wa MDM2, na kipande hicho hujisokota kuwa heliksi, umbo kama la springi.

Mkia wa alanini ulififia mapema zaidi. Prolini ya 27 huzuia heliksi isijijenge kabla ya wakati. Ukiiondoa, mkia huwa umeshajisokota nusu kabla hata ya kukutana na MDM2. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha heliksi ikipanda kutoka kiasi cha asilimia 28 hadi 64, na mshiko ukiongezeka takriban mara 10. Ndani ya seli, jeni zinazowashwa na p53 zilipungua nguvu, na seli zenye DNA iliyoharibika zikashindwa kusimamisha mgawanyiko. Kwangu mimi hilo linatosha kuacha kuuita ulegevu huu kasoro.

Mwisho tuliongeza Nutlin-3, dawa inayokaa kwenye mfereji uleule wa MDM2 na kuusukuma mkia nje. Mkia wenyewe hauna shimo la kudumu la kuwekea dawa. Nutlin haipendi maji: huyeyushwa kwanza kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO, na ikizidi sampuli huwa na ukungu. DMSO nayo husogeza vilele, kwa hiyo tulikuwa na mrija wa kulinganishia wenye DMSO tupu. Kilele cha triptofani 23 kilirudi kwenye mkia wa asili. Ule wa alanini ulidai dawa zaidi.