Wapolandi wa Ifunda na filamu ya Alan Turing

Jumamosi iliyopita, kwa kuwa baridi ya Julai hapa Iringa haimruhusu mtu kukaa nje baada ya magharibi, tulijifunika mablanketi sebuleni kwa dada yangu tukatazama The Imitation Game, filamu ya mwaka 2014 inayomhusu Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyeshiriki kufumbua ujumbe wa siri wa majeshi ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Benedict Cumberbatch ameuvaa uhusika barabara, hata mpwa wangu, ambaye filamu isiyo na ngumi humtia usingizi, alikaa macho hadi mwisho.

Mimi nilibaki na kinyongo. Filamu inawataja Wapolandi kwa kupita tu, bila jina hata moja, ilhali Marian Rejewski, mwanahisabati wao, alikwisha kuing'amua Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri, mwishoni mwa 1932, akaendelea na kazi hiyo pamoja na Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, na mnamo Julai 1939, wiki chache kabla ya nchi yao kuvamiwa, Waingereza na Wafaransa wakakabidhiwa matunda ya kazi yao.

Pengine nisingejali, lakini marehemu bibi yangu alikulia Ifunda, kando ya barabara ya kwenda Mbeya, ambako wakati wa vita ile kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kisha wakafika Afrika kwa kupitia Uajemi. Bibi alikuwa akisema kwamba hao ndio Wazungu wa kwanza aliowaona wakijifulia nguo.

Katika filamu, ufumbuzi unatokana na maongezi ya baa. Mambo yalivyokuwa hasa yananivutia zaidi: Enigma haikuweza kamwe kuigeuza herufi kuwa yenyewe. Wafumbuzi walikisia neno ambalo lazima limo katika ujumbe, kwa mfano lile la Kijerumani lenye maana ya hali ya hewa, wakalisogeza chini ya maandishi ya siri, na kila mahali herufi ilipokutana na pacha wake wakajua kwamba neno halikai hapo. Mpwa wangu alilijaribu jambo hilo nyuma ya risiti ya LUKU, akisogeza neno HEWA chini ya mstari wa herufi alizozibuni na kukata kwa kalamu kila H ilipoangukia chini ya H, hadi chai yake ikapoa. Makisio yaliyosalia ndiyo yaliyolishwa mashine ya Turing, ambayo ya kwanza ilifika Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa siri, mnamo Machi 1940 na kuitwa Victory. Jina la Christopher, ambalo mashine hiyo inaitwa katika filamu, ni la filamu tu, na marekebisho makubwa aliyoifanyia Gordon Welchman, mwenzake Turing, hayakupewa nafasi yake.

Sehemu ya mwisho, inayohusu hukumu aliyopewa Turing mwaka 1952 kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja, inapita haraka mno kwa jambo zito kiasi hicho, kwani alifariki miaka miwili baadaye, na msamaha wa Malkia ukaja 2013.

Dada aliniuliza kama wale wanawake wa Ifunda walijua walichofanya wenzao. Nilimjibu kwamba haielekei, kwa maana Rejewski mwenyewe alirudi Poland mwaka 1946, akafanya kazi ya uhasibu huko Bydgoszcz, na habari zake hazikutoka hadharani hadi miaka ya 1970.